Kibanio Kinasema Kilo 60, Ndoo Nayo Iseme

Kibanio cha mkono ni kifaa kidogo: springi moja ya chuma na mishikio miwili. Unakibana kiganjani mpaka mishikio igusane, unakiachia, unarudia. Vijana wa jimu wanakitumia kukaza vidole, mafundi na waendesha bodaboda wanakipenda kwa sababu kazi zao zinachosha mikono, na wataalamu wa mazoezi ya viungo huwapa wagonjwa wanaojaribu kurudisha nguvu za mkono baada ya kiharusi au kuvunjika. Kwenye plastiki yake, au kwenye boksi, pana namba: kilo 20, kilo 40, kilo 60. Vile vya kuzungusha kitufe huandikwa kilo 5 hadi 60. Namba hiyo ndiyo inayokiuza, maana mnunuzi hana kingine cha kumwambia kama anachukua kifaa cha mtoto au cha mbeba magunia. Ninachokitetea hapa ni kwamba namba hiyo, kama inavyoandikwa leo, bado si kipimo. Ni dai la mtengenezaji, na dai hilo linaweza kuhakikiwa na yeyote mwenye ndoo, maji na mizani iliyokaguliwa. Na kama kuna mkoa wenye haki ya kulishikia bango jambo hili, mkoa huo ni Simiyu.

Nasema hivyo kwa sababu ya pamba. Mkoa wenyewe ulianzishwa rasmi mwaka 2012, lakini ardhi yake imelima pamba tangu enzi za ukoloni, wakati Ntuzu, ambako leo ni Bariadi, ilipokuwa ndani ya wilaya ya Maswa. Mkulima wa Sola au wa Nkololo alipeleka mzigo wake kwa mnunuzi, mnunuzi akapima kwa mizani yake mwenyewe, akasoma mwenyewe, akaandika mwenyewe. Malalamiko ya kupunjwa kwenye mizani yalienea Usukuma nzima. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walidai kitu kimoja chepesi kukieleza: awepo mpimaji wao, mtu anayejua kusoma na kuhesabu, asimame penye mizani na kuhakiki kilo. Katika dai hilo la wapimaji huru ndimo ulimopata nguvu ushirika wa Kanda ya Ziwa. Paul Bomani alizunguka vijijini akiwaunganisha wakulima katika Lake Province Growers' Association, na mwaka 1955 vyama vyao vikaundwa kuwa Victoria Federation of Co-operative Unions, shirikisho lililokuja kuwa miongoni mwa vyama vikubwa vya ushirika barani Afrika. Vinu vya kuchambulia pamba, malori na ofisi vilikuja baadaye. Kilichotangulia ni watu kukataa kuikubali namba kwa kuwa tu imetamkwa na mwenye mizani.

Matunda ya msimamo ule yanaonekana hadi leo kwenye kila kituo cha kununulia pamba. Sheria ya Vipimo, Sura ya 340, inataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa chapa kila mwaka. Wakala wa Vipimo, ulioanzishwa mwaka 2002, hupita na mawe ya mizani ambayo uzito wake umehakikiwa, huyapandisha juu ya mizani, na mizani isiposema kweli hufungiwa au hurekebishwa. Mawe yale nayo yana mkubwa wao: hulinganishwa na vipimo vya taifa vilivyo chini ya Shirika la Viwango Tanzania, navyo hulinganishwa na vya kimataifa, mpaka mnyororo unafika kwenye kilo yenyewe, ambayo tangu tarehe 20 Mei 2019 haitegemei tena kipande cha madini kilichohifadhiwa Ufaransa bali thamani isiyobadilika ya kifizikia iitwayo namba ya Planck. Mkulima hahitaji kuyajua hayo yote. Anachohitaji ni chapa, na chapa ina maana kwa sababu nyuma yake kuna mtu aliyening'iniza uzito unaojulikana na kutazama mshale umesimama wapi.

Sasa tazama ndani ya mizani ya saa, ile ya kuning'inia yenye uso wa duara na mshale, iliyotumika kwa miaka mingi kupimia marobota ya wakulima. Ndani yake kuna springi. Mzigo unaivuta, springi inanyooka kwa kadiri ya mzigo, na mshale unazunguka kwa kadiri hiyo hiyo. Ni kanuni aliyoichapisha Robert Hooke huko Uingereza mwaka 1678, na mwanafunzi wa sekondari wa Maswa anaijua: nguvu ikiongezeka maradufu, mnyumbuko nao huongezeka maradufu, mradi springi haijavutwa kupita mpaka wake. Kibanio cha mkono kimejengwa juu ya kanuni hiyo hiyo, tofauti ikiwa springi yake inapindwa badala ya kuvutwa. Hivyo vifaa hivi viwili ni ndugu wa baba mmoja. Kimoja hakiruhusiwi kutaja kilo bila kukaguliwa kila mwaka. Kingine kinazitaja kwa rangi nyekundu kwenye boksi, na hakuna anayeuliza zimetoka wapi.

Pengine mtu atadhani tofauti kati ya namba ya boksi na ukweli haiwezi kuwa kubwa. Inaweza, na sababu ya kwanza haihitaji hata kumtuhumu mtu kwa udanganyifu. Kibanio ni wenzo. Nguvu inayohitajika kukifunga inategemea umesukuma mahali gani pa mshikio. Chukua kibanio ambacho mshikio wake una sentimita 12 kutoka katikati ya springi hadi ncha. Tuseme ukining'iniza mzigo kwenye ncha kinafunga kwa kilo 40. Usogeze mzigo uwe sentimita 8 kutoka kwenye springi, na kifaa hicho hicho, bila kubadilishwa chochote, kitadai kilo 60, kwa kuwa 40 mara 12 ni sawa na 60 mara 8. Usogeze zaidi hadi sentimita 6 na kitadai kilo 80. Kwa hiyo mtengenezaji anayeandika 60 na mwingine anayeandika 40 wanaweza kuwa wanauza springi ile ile, wala hakuna kati yao aliyesema uongo, ila kila mmoja amechagua mahali pa kupimia panapomfaa. Namba isiyotaja ilipimiwa wapi haimsaidii mnunuzi kulinganisha bidhaa hata mbili tu, na kulinganisha ndiyo kazi pekee ya namba dukani.

Sababu ya pili iko ndani ya chuma chenyewe. Ugumu wa springi ya kupindwa huenda na unene wa waya ukizidishwa kwa wenyewe mara nne. Waya uliokusudiwa kuwa milimita 5 ukitoka kiwandani na milimita 5.25, tofauti ambayo jicho haliioni, springi inakuwa ngumu zaidi kwa karibu asilimia 22: cha kilo 40 kimekuwa karibu kilo 49. Ukipungua hadi milimita 4.75, kilo 40 zinashuka hadi kama 33. Ongeza hapo upana wa mizunguko ya springi, idadi yake, kina ambacho waya umezamishwa ndani ya mshikio, na pembe ambayo mishikio imeachana kabla ya kubanwa. Kila kimoja kinavuta namba upande wake. Ndiyo maana vibanio viwili vya boksi moja, chapa moja na rangi moja vinaweza kutofautiana kiasi cha mkono kuhisi. Kiwanda makini hupunguza tofauti hizo kwa kuchagua waya kwa uangalifu na kupima kinachotoka. Kiwanda kinachouza kwa bei ya chini kabisa hakina sababu ya kujisumbua, kwa kuwa hakuna anayerudi dukani na ndoo.

Hata kwenye kilele cha mchezo huu, ambako watu wanashindana na kuandikwa majina, pengo hilo lipo. Vibanio vya chuma vya Captains of Crush, vinavyotengenezwa na kampuni ya IronMind ya Marekani, ndivyo vinavyojulikana zaidi duniani. Namba 3 yao inatajwa kuwa na ratili 280, yaani kama kilo 127, na kuifunga ni heshima kubwa tangu Richard Sorin alipotambuliwa kuwa wa kwanza kuifunga mwaka 1991. Wapenzi wa mchezo walipoanza kuning'iniza uzito kwenye ncha ya mshikio, Namba 3 ilionekana kufunga kwa wastani wa karibu ratili 150, yaani kilo 68 hivi, na kimoja kikipishana na kingine kwa ratili kadhaa. Hilo halikumvunjia heshima aliyekifunga, kwa sababu kifaa kilikuwa kigumu kwake vile vile. Lilichofanya ni kuwapa wachezaji lugha ya pamoja. Siku hizi anayenunua kibanio cha mashindano huuliza kilipimwa kikapata ngapi, na wapo wanaotoa huduma ya kupima kila kimoja na kukiambatanisha na namba yake halisi. Ni mpimaji huru yule yule wa Usukuma, amezaliwa upya katika jambo jingine kabisa.

Upimaji wenyewe ni kazi ya alasiri moja kwenye karakana yoyote ya fundi vyuma. Mshikio mmoja unabanwa kwenye vaisi, sehemu iliyo karibu na springi, ili urefu wake uliobaki utokeze nje. Kifaa kinalazwa kwa namna ambayo mshikio wa juu utakuwa mlalo pale utakapogusana na wa chini; mzigo ukivuta kwa mshazari, sehemu ya nguvu yake inapotea na namba inakuwa kubwa kuliko kweli. Kwenye ncha ya mshikio wa juu unafungwa mkanda mwembamba, upana wa kidole gumba, na mahali pake panawekwa alama kwa kalamu ili kila kibanio kipimwe pale pale. Ndoo ya lita 20 inaning'inizwa kwenye mkanda, kisha maji yanamiminwa taratibu kwa kikombe. Kipande cha karatasi kinachomekwa kati ya mishikio miwili. Mwanzoni karatasi inateleza ukiivuta. Maji yakiongezeka pengo linapungua, na kuna kikombe kimoja ambacho baada yake karatasi haitoki tena. Hapo unaacha. Kwa vibanio vigumu ndoo moja haitoshi, na mchanga mkavu kwenye kiroba unafanya kazi vizuri kuliko maji. Usihesabu lita kwa kukisia. Beba ndoo ilivyo, pamoja na mkanda wake, uipime kwenye mizani yenye chapa ya mwaka huu. Rudia mara tatu, kwa kuwa msuguano wa springi hufanya jaribio moja lipishane kidogo na jingine, uchukue wastani. Anayependa usahihi wa fizikia atakumbusha kwamba kilo ni kipimo cha tungamo na nguvu hupimwa kwa newton, hivyo kilo 40 zinazoning'inia huvuta kwa newton 392. Yuko sahihi, na mtengenezaji angeandika newton pamoja na umbali kutoka kwenye springi tungempongeza. Kwa matumizi ya jimu, kilo zilizoning'inizwa mahali panapojulikana zinatosha.

Pingamizi zito zaidi dhidi ya haya ni hili: mkono si ndoo. Ndoo inavuta ncha peke yake, lakini mkono una vidole vinne vilivyosambaa kwenye mshikio, kidole cha shahada kikiwa karibu na springi na kidole kidogo kikiwa mbali, na jumla ya nguvu zao inakaa mahali fulani katikati. Tena mkono mdogo hushika tofauti na mkono mkubwa, na kiganja chenye jasho hutofautiana na kikavu. Hayo ni kweli, na ndiyo yanayoonyesha kwa nini namba ya boksi haiwezi kuwa nguvu ya mkono wa kila mnunuzi. Lakini mtihani wa ndoo hauhusu mkono, unahusu kifaa. Unauliza swali lenye jibu moja: mzigo gani, ukiwekwa ncha, unafunga kibanio hiki? Jibu hilo halibadiliki kwa sababu mpimaji ana mkono mkubwa, halibadiliki Bariadi wala Mombasa, na kibanio kilichopata 45 hakika ni kigumu kuliko kilichopata 38. Mtu akitaka kuongeza makadirio ya vidole juu ya jibu hilo, ana mahali imara pa kuanzia.

Wengine husema namba haina umuhimu wowote, kwa kuwa mtu anashindana na nafsi yake: jana alifunga mara nane, leo kumi, basi ameendelea. Kwa anayemiliki kibanio kimoja maisha yake yote, nakubali. Hoja inaanguka pale anaponunua cha pili. Aliyezoea kilichoandikwa 40 akapanda 50 anaweza kukuta cha pili ni chepesi zaidi, akadhani amepata nguvu, au akakuta kimemshinda kabisa, akalazimisha na kuumiza mishipa ya kiwiko. Kwa mgonjwa jambo ni zito zaidi. Mazoezi ya kurudisha nguvu hupangwa kwa hatua ndogo, na hatua haziwezi kuwa ndogo kama ngazi zenyewe hazijulikani zina urefu gani. Mtaalamu anayeandika kwenye faili kwamba mgonjwa amefikia kilo 20, akitegemea maandishi ya plastiki, ameandika kitu ambacho mwenzake wa hospitali nyingine hawezi kukitumia.

Kuna zaidi. Nguvu ya kubana mkono siku hizi ni kipimo cha afya. Utafiti wa PURE, uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2015 ukihusisha watu wazima karibu 140,000 katika nchi 17, ulikuta kwamba kila upungufu wa kilo 5 za nguvu ya kubana uliambatana na ongezeko la asilimia 16 la hatari ya kufa. Utafiti haukusema kwamba kukaza mkono kunarefusha maisha. Mkono dhaifu ni dalili ya mwili uliochoka, kama homa ilivyo dalili. Wataalamu wa Ulaya wanaoshughulikia kupungua kwa misuli uzeeni waliweka mwaka 2019 mpaka wa kilo 27 kwa wanaume na 16 kwa wanawake: chini ya hapo, mzee achunguzwe. Kilo hizo hupatikana kwa dainamomita, kifaa ambacho mishikio yake haisogei kiasi cha kuonekana na ambacho husoma nguvu yote uliyoitoa. Kijana anayesoma habari hizo, kisha akaangalia kibanio chake cha 60 na kujihesabu salama maradufu, au mzee anayeshindwa kufunga cha 20 na kuingiwa na hofu, wote wawili wamepotoshwa na namba isiyo na ukoo na kilo za daktari. Dainamomita yenyewe, kwa heshima yote iliyonayo, huhakikiwa kwa kuning'iniza juu ya mshikio wake uzito unaojulikana. Hospitali inafanya kwa chombo chake kile kile ninachoomba jimu ifanye kwa kibanio.

Litakuja na swali la serikali. Wakala wa Vipimo una mizani ya pamba, pampu za mafuta, lumbesa za viazi na vitunguu. Itakuwaje umsumbue mkaguzi kwa kifaa cha shilingi elfu chache? Siombi hivyo. Kibanio hakitumiki kupimia bidhaa, kwa hiyo hakihitaji chapa ya kila mwaka, na mkaguzi anayepita Simiyu msimu wa pamba abaki kwenye pamba, kwa sababu kilo mbili zinazopotea kwenye kila mzigo wa mkulima ni ada ya mtoto. Lakini maandishi kwenye boksi ni kauli kwa mlaji, na Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003, inayosimamiwa na Tume ya Ushindani, inakataza kauli za kupotosha kuhusu bidhaa. Kinachotosha ni sharti dogo kwa waagizaji: anayetaka kuandika kilo, aandike zilipimwa kwa kuweka mzigo umbali gani kutoka kwenye springi. Sentensi hiyo moja ingemaliza sehemu kubwa ya vurugu, kwa kuwa asiyeweza kuiandika angelazimika kuiacha namba yenyewe. Bei ndogo ya kifaa haibatilishi haki ya mlaji ya kuambiwa ukweli. Aliyelipa shilingi elfu chache kwa kilo 60 amelipia kilo 60.

Lakini haifai kusubiri sharti hilo. Jimu yoyote inaweza kutenga siku moja ikapima vibanio vyake kwa ndoo. Jimu nyingi za mitaani zina vyuma vya kujitengenezea, makopo ya rangi yaliyojazwa zege na kuunganishwa kwa bomba, na uzito wake mara nyingi unajulikana kwa mazoea tu. Vipelekwe navyo mizani siku hiyo hiyo. Shule za sekondari za Simiyu zinafundisha kanuni ya Hooke kwa springi ndogo ya maabara na visahani vya gramu 50. Mwalimu wa fizikia wa Sola, Maswa au Bariadi akiwaletea wanafunzi vibanio vitatu vya madukani, vaisi ya kuazima na ndoo, watajifunza kanuni ile ile na pia watajua kama wauzaji wa mji wao wanasema kweli. Na wewe mwenye duka la vifaa vya michezo, pima kimoja cha kila aina unayouza, uandike kwa kalamu ya wino pembeni mwa namba ya kiwanda kilo ulizozipata wewe na mahali ulipofunga mkanda. Mteja atakayeziona namba hizo mbili zinatofautiana ana haki ya kujua ipi kati yake iliwahi kupandishwa kwenye mizani.